Kufuata Vipuli vya Zubeda

Tangu nirudi, kila anayeleta suruali kupunguzwa pindo hapa kibandani ananiuliza lile lile: Doha kukoje? Wengine wanauliza kwa upole, kwa sababu ya msiba. Wengine wanauliza huku wakinitazama mkononi, maana kwao mtu akitoka Arabuni bila saa mpya amepoteza nauli bure. Nimechoka kuanza upya kila siku na pini zimejaa mdomoni. Basi nimeandika. Someni, halafu mniache nishone.

Habari za pasi, viza na tiketi naziruka. Zilishughulikiwa na wafanyakazi wenzake mdogo wangu wa huko waliochangishana, Mungu awalipe, na mimi niliweka sahihi kila nilipoonyeshwa kidole.

Tanga hadi Dar es Salaam

Kwanza mjue nilichofuata. Mdogo wangu Zubeda, aliyenifuata ziwa, alikuwa mlinzi katika jumba moja la makumbusho huko Doha. Si mlinzi wa getini mwenye rungu. Alisimama ndani, kwenye ukumbi, kuangalia watu wasiguse makabati ya vioo. Siku moja alianguka akiwa ndani ya basi la wafanyakazi. Tukapigiwa simu kwamba amefariki, na kabla hatujamaliza kubishana kama ni kweli, tukapigiwa nyingine kwamba amekwisha kuzikwa. Cheti kilisema moyo ulisimama. Mimi nikasema kila anayekufa moyo wake husimama. Hiyo si sababu, hiyo ni habari.

Mama hakukubali. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikataa matanga, akakataa hitima. Majirani walipokuja na mikeka kichwani aliwarudishia mlangoni: "Msiba wa nani? Nani kati yenu amemwona aliyekufa?" Ukimwonyesha cheti kwenye simu anasema karatasi huandikwa na yeyote. Salma, binti wa Zubeda, akabaki katikati: si mwenye mama, si yatima. Shuleni mwalimu alimpa pole, naye akamjibu kwamba bibi amekataza.

Ndipo Mama aliponiita chumbani. "Athumani, nenda kaniletee vipuli vyake. Nikivishika nitajua. Na ikiwa ni kweli, ni vya Salma."

Wengi wenu mnavijua vipuli hivyo. Vilikuwa vya bibi yetu mzaa mama, dhahabu nyembamba yenye kitone kinachoning'inia. Mama alimvika Zubeda siku alipohitimu msahafu, na kwa kuwa Zubeda alikuwa mtoto wa kupoteza vitu, sonara akavibana visifunguke tena. Aliolewa navyo, akazaa navyo, akaachika navyo, akapanda ndege navyo. Katika akili ya Mama, mahali vilipo vipuli ndipo alipo Zubeda. Basi niliondoka Tanga nikiwa na kazi moja tu, na nilijua nisipoileta, nyumba yetu itakaa na maiti asiyezikika.

Basi lilituharibikia Mkata. Tulikaa kando ya barabara mpaka jua likatugeuka, kondakta akisema "sasa hivi, sasa hivi" kwa sauti ya mtu asiyejua. Mama mmoja wa Muheza alimenya chungwa akanipa nusu, akaniuliza naenda wapi na koti zito vile kwenye joto. Nikamwambia naenda kumtazama mdogo wangu Arabuni. Akasema, "Una bahati, wa kwangu hata simu hapokei." Nililila lile chungwa na kokwa zake.

Addis Ababa

Addis tulipaswa kupita tu. Ndege ya kuunganisha ikachelewa, wakatupa vocha ya chakula, wakatupanga kwenye viti vya chuma. Nilipata injera na mchuzi wa dengu. Nyama niliogopa, sikujua imechinjwa na nani, na mhudumu niliyemuuliza alidhani nalalamikia bei. Dengu zilikuwa nzuri. Njaa ya safari haina mapishi mabaya.

Karibu yangu walikaa wasichana kutoka kwetu bara, wote wamefungwa vitambaa vya njano ili mtu atakayewapokea awajue. Walikuwa wanakwenda kazi za ndani. Waliponisikia naongea Kiswahili kwenye simu wakanizunguka kwa furaha.

"Shikamoo kaka. Na wewe unakwenda Doha? Kafili wako ni nani?"

"Sina kafili, mimi sikudhaminiwa na mwajiri," nikawaambia. "Nakwenda kuona kaburi la mdogo wangu. Alikuwa anafanya kazi huko."

Halafu mmoja akakumbuka kwamba hajanywa maji, mwingine akamfuata, na baada ya muda kidogo viti vyote vya karibu yangu vilikuwa vitupu. Sikuwalaumu. Nani anataka kukaa na nuksi siku anayoanza safari? Ila nilikasirika hata hivyo. Tulipoitwa kupanda, mmoja wao, mfupi mwenye mwanya, alirudi mbio akaniuliza, "Alikuwa anaitwa nani?" Nikamwambia. Akasema, "Nitamsomea Fatiha," akakimbia kuwawahi wenzake. Mpaka leo sijui kama aliajiriwa na mtu mwema.

Al Sadd

Aliyenipokea anaitwa Mueni, Mkenya wa Machakos, mlinzi wa zamu moja na Zubeda. Zubeda alikuwa akimtaja kila simu, Mueni hivi, Mueni vile, nami kwa ujinga wangu nikajijengea mwanamke wa baibui. Aliyesimama mbele yangu alikuwa dada mrefu wa suruali, na msalaba mdogo shingoni.

"Wewe ndio Athumani? Ala, mnafanana na Zube mpaka inaniuma," akasema. "Pole sana, brathe. Umekula?"

Alinitafutia kitanda kwa Watanzania wanaokaa nyuma ya hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd. Kwake mwanamume haruhusiwi hata kukanyaga ngazi, kwa hiyo tulikaa kwenye kizingiti cha duka lililofungwa mchana, katikati ya watu wenye mifuko ya manunuzi. Akafungua hotpoti: ugali na sukuma. "Mboga za huku si kama za kwetu, lakini jaribu tu." Ugali ulikuwa wa Kikenya, mgumu wa kujengea ukuta. Nilikula wote.

Kisha akanipa begi la Zubeda. Msala, mafuta ya nazi, kanga ya nyumbani, na koti la kazi. Koti ndilo lililonimaliza. Lilikuwa limepunguzwa ubavuni, halafu likapunguzwa tena juu ya mshono wa kwanza, kwa mkono, kwa ule ushonaji wa kurudi nyuma niliomfundisha mimi mwenyewe tukiwa wadogo. Vifungo navyo vilikuwa vimesogezwa. Fundi haambiwi: huyu mtu alikuwa anaisha ndani ya nguo, na kila alipopungua alichukua sindano akaficha.

"Alianza kukonda lini?" nikamuuliza.

"Alikuwa anasema ni joto tu. Nikimwambia twende kliniki anasema wakimkuta mgonjwa watamrudisha nyumbani, na Salma je? Manze, nilibishana na yeye mpaka nikachoka."

Nikachakura begi mpaka chini. "Na vipuli vyake viko wapi?"

Mueni aliacha kutafuna. "Hizo tutaongea kesho. Kesho niko kazi. Kuja kwanza uone mahali alikuwa anasimama."

Sikulala vizuri. Nilijisemea kufa kufaana, dhahabu ya bibi yangu imeshapata masikio mengine au duka. Na nilikuwa nimekula ugali wake!

Kwenye ukumbi

Siku iliyofuata nilifika mapema nikakuta pamefungwa mpaka alasiri. Mlinzi wa mlangoni, Mganda mkubwa kama kabati, alidhani nimekuja kuomba kazi. "Sebo, hapa hawaandikishi. Nenda kwa ajenti." Nilipomwambia mimi ni kaka yake Zubeda alivua kofia, akanileta kivulini, akanipa chai yake ya maziwa yenye iliki na sukari ya kuua. Tulipokezana kikombe mpaka milango ilipofunguliwa.

Ndani kulikuwa na giza la makusudi, mwanga unatoka kwenye makabati tu. Maonyesho yalikuwa ya dhahabu ya Wakorea wa kale, iliyofukuliwa kwenye makaburi ya wafalme wao. Zubeda aliwahi kumwambia Mama kwa simu kwamba analinda vitu vya maiti, na Mama akamwamuru asiingie kazini bila kusoma Qul-huwa-llahu mara tatu. Mimi nilicheka siku ile.

Nawaambia, sikucheka nilipoingia. Kulikuwa na taji lenye matawi kama mti uliopukutika, na kwenye kila tawi vijani vya dhahabu vimefungwa kwa uzi wa dhahabu, vinatetemeka watu wakipita. Kulikuwa na mkanda wenye mikufu mirefu inayoning'inia mpaka magotini, mwisho wa kila mkufu kuna kitu kidogo: samaki, kisu, kibano. Niliutazama kwa jicho la kazi yangu. Mtu hawezi kukaa wala kuinama ameuvaa. Kulikuwa na viatu vya shaba iliyopakwa dhahabu, na nyayo zake zina miiba upande wa chini, shaba tupu. Viatu vya mtu asiyetarajiwa kutembea.

Mueni alikuwa amesimama kwenye kona na koti la kazi kama lile. Hakuruhusiwa kukaa wala kushika simu, lakini kuongea na mgeni ni sehemu ya kazi.

"Zube alikuwa anasimama hapa," akasema, akanionyesha kabati la hereni. Zilikuwa za kifalme, pete nene kama kidole na vijani vinashuka kwa mafungu. "Waliwekea mfalme wao hizi zote kwa kaburi, wakajenga mlima wa mawe juu ndio mtu asiibe. Wakati wataalamu walifungua, mtu hakuwa. Hata mfupa. Udongo ulimkula. Ni dhahabu tu ilikuwa imelala vile alilala: taji huku, hereni huku na huku, mkanda katikati. Na hakuna mtu anajua jina yake."

"Mueni," nikamwambia, "nimekuuliza kuhusu vipuli."

Akaniambia yote akiwa amesimama wima, mikono nyuma, kama mtu anayehojiwa. Siku ya mazishi aliandamana na maiti hadi penye kuoshea, akaachwa nje kwa kuwa si Mwislamu. Waoshaji, wanawake wa Kiarabu, walishindwa kufungua vipuli, wakavikata kwa koleo, wakamletea yeye kwa kuwa ndiye jamaa pekee aliyekuwepo.

"Nikawauliza na nguo yake? Nilikuwa nimembebea ile dera yake ya blu. Wakasema hapana. Ati anaenda na kitambaa tu. Athumani, kwetu mtu anazikwa na suti! Na viatu! Hata maskini aje, watu wanachanga avalishwe. Nikaona huyu rafiki yangu wanamvua kila kitu kama mwizi."

"Ndivyo tunavyozikana," nikasema.

"Sikujua! Na yeye alikuwa anakaa hapa kila siku akiangalia hizi vitu. Siku moja akaniambia, 'Mueni, angalau huyu hakuvuliwa.' Ndio nikafikiria anataka. Nikampatia Shabani, yule dereva wa kwenu alimzika, hizo vipuli, nikamwambia amrudishie chini, kwa kaburi. Aliniapia."

Sauti ilinipanda mpaka wageni wakageuka. Nilimwambia vipuli havikuwa vyake kuvigawa. Nilimwambia mama yangu anasubiri, mtoto anasubiri, na yeye amekwenda kuzika dhahabu ya watu kwa sababu ya Mkorea asiye na jina. Mueni machozi yakamtiririka na mikono bado iko nyuma, maana kamera zinamwona. Nikaona aibu. Lakini sikumwomba radhi, hasira yangu ilikuwa bado na kazi.

Umm Salal

Shabani ni mtu wa kwetu, wa Korogwe, dereva wa familia moja huko Umm Salal yenye shamba la mboga na mitende. Ndiye aliyewakusanya wanaume wakamsalia Zubeda na kumshusha kaburini. Yeye hana ruhusa ya kutoka ovyo, ikabidi nimfuate mimi. Alikuwa amempeleka bibi wa nyumba mahali, basi nikamsubiri kwenye kivuli cha tangi la maji. Mpishi wao Mhindi aliniona nimekaa, akaniletea sinia la wali wa nyama lililobaki ndani, akachuchumaa tukala pamoja. Hatukuelewana neno hata moja. Kila nilipoacha kula alinisukumia kipande kingine cha nyama.

Shabani aliporudi alinikumbatia kwanza, kisha akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Kaka, najua ulichofuata. Nilikuwa naisubiri siku hii."

"Uliviweka kweli?"

"Niliviweka. Si ndani, Mungu anisamehe, ndani nisingeweza mbele ya watu. Walipoondoka nikafukua mchanga kichwani pake, kina cha kidole, nikavisukumia vikiwa kwenye kipande cha kanga."

"Wewe ni Mwislamu, Shabani. Mali ya maiti ni ya warithi. Mkristo hakujua, wewe je?"

"Nilijua! Maiti haulizwi sanda, sembuse hereni. Lakini Mueni alinishika mkono mbele ya watu analia, 'Apa, Shabani, apa.' Nikaapa ili aniachie, gari la maiti lilikuwa linaondoka. Nimeshaapa, nifanyeje? Nivunje yamini juu ya kaburi bichi?" Akajifuta uso kwa kilemba. "Ila nimefikiria sana. Mimi niliapa kuweka. Sikuapa kutotoa."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu Tanga, na Shabani naye akacheka, halafu sote tukaona haya. Akaongeza jambo ambalo sikulitarajia: walinzi wa makaburi ya huko hupekua mchanga mara kwa mara, kwa sababu watu huzika uchawi makaburini. Wakikuta kifundo hawaulizi. Wanakichoma.

"Ijumaa baada ya swala naweza kukupeleka," akasema. "Ikipita hiyo, sijui kafili ataniachia lini."

Mesaimeer

Ijumaa magari ya upande wa Mesaimeer hayaendi, yanajisukuma. Wakristo wa nchi zote wanakwenda kwenye makanisa yao yaliyojengwa pamoja huko, na makaburi hayako mbali. Mueni tulimpa lifti. Alikaa nyuma na gauni lake la kanisani. Tulipomshusha aliinama dirishani.

"Mtaenda kuzitoa?"

"Tunakwenda kumzuru," nikasema.

Akanitazama kama mtu anayehesabu senti zake na kuona hazitimii. "Sawa. Nitawangoja hapa. Nimebeba pilau."

Makaburi ya kule hayana maandishi ya kupamba. Mchanga, jiwe, namba, jiwe, namba, mpaka macho yanaposhindwa. Mti hakuna. Shabani alinisimamisha penye rundo moja akasema, "Hapa." Kama asingesema ningepita. Nilisalimia, nikasoma nilichoweza kusoma, sauti ikanigomea katikati ya Yasini. Nililia kwa sauti, nawaambia wazi, nikiwa nimepiga magoti kwenye mchanga unaounguza. Mdogo wangu alikuwa mtu wa kelele, kicheko chake kinavuka barabara, na sasa ni namba.

Kisha nikatazama kichwani pake. Niliwaza lile kabati. Watu wazima, wasomi, walikaa wakafukua kilima cha watu waliomlilia mtu wao, wakatoa hereni mahali palipokuwa na masikio, na sisi tunalipa kuingia kutazama. Nilikuwa nimewachukia kidogo kule ukumbini. Sasa mimi ndiye niliyekunja mikono ya kanzu.

"Ukitaka tuviache, tuviache," Shabani akasema taratibu. "Nitamwambia Mama kwa simu kwamba vilipotea. Nitabeba mimi."

Nikamfikiria Mama amesimama mlangoni akirudisha mikeka ya watu. Nikafukua. Kidole kimoja kiliingia, cha pili, nikagusa kitambaa.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimekitoa pale niliposikia kelele. Mlinzi wa makaburi, mzee wa Kisudani, alikuwa anakuja mbio na fimbo, anapiga kelele, "Sihr! Sihr!" Kifundo cha nguo ya rangi, mtu mweusi, magoti juu ya kaburi: angefikiri nini kingine? Uchawi. Alinipokonya mkononi, akakitupa chini, akasoma Ayatul-Kursiyu akitema upande wa kushoto. Shabani akamwangukia kwa Kiarabu chake chote, ukht, ukht, dada yake, dada yake. Kule uchawi hauishii kwa mzee wa mtaa, unaishia gerezani.

Mzee alikifungua kwa ncha ya fimbo, kwa uangalifu wa mtu anayefungua tundu la nyoka. Vipuli vikatoka kwenye mchanga, viwili, vimekatwa. Alivitazama kwa muda. Akanitazama na uso wangu uliolowa. Akauliza jambo, Shabani akanitafsiria: "Anauliza mwenye mali yuko wapi." Nikasema ni binti yake, mdogo, yuko nyumbani.

Mzee akainama akaviokota mwenyewe, akavipuliza mchanga, akaniwekea kiganjani na kuvifumba vidole vyangu. Kile kitambaa cha kanga alikichukua akakichome. Hakikuruhusiwa kutoka wala kubaki. Kisha akanionyesha kishimo nilichochimba. Nikakifukia kwa mikono yangu mwenyewe, nikausawazisha mchanga mpaka alipotikisa kichwa kwamba basi.

Mueni alikuwa ametandika leso kwenye ukingo wa barabara karibu na kanisa, sahani tatu zimepangwa. Aliniona tu akajua.

"Umezitoa."

"Nimevitoa. Ni vya Salma, Mueni."

Alifunika sahani moja baada ya nyingine. "Kwa hivyo amebaki bila kitu. Hata kitu moja."

Nilitaka kumwambia kwamba ndivyo sote tutakavyobaki, kwamba kwetu huko si kudharauliwa, ni kulingana, mfalme na mlinzi wake kitambaa kimoja. Maneno hayo nimeyapanga vizuri sasa hivi. Siku ile nilisema tu, "Ahsante kwa yote uliyomfanyia," na ilitoka kavu, kama ninamlipa. Alinipa pilau kwenye mfuko, akarudi ndani kwenye kuimba. Hakuja kuniaga uwanja wa ndege. Nimempigia mara nyingi tangu hapo. Anapokea, ananisalimu kwa adabu, ananiuliza hali ya Salma, anakata. Yeye ndiye aliyemshika Zubeda mkono ndani ya basi lile alipoanguka, na mimi ndiye niliyemwachia deni la machungu. Linaniuma kuliko safari yenyewe.

Nyumbani

Vipuli nilivishonea ndani ya pindo la koti, na nilipita viwanja vyote bila mtu kuniuliza. Ndege haikuchelewa wala basi halikuharibika. Wakati wa kurudi na kibaya, njia hunyooka.

Mama alikuwa kwenye jamvi chumbani, Salma amelala pembeni na sare za shule. Hakuniuliza habari za safari. Nilikaa, nikalitandua pindo kwa wembe, yeye akiangalia kila uzi unavyokatika. Nikamwekea kiganjani. Hakuniuliza nilivitoa wapi na sikumwambia. Sasa ninyi mnajua, na nawaomba yaishie hapa kibandani.

Alivipima uzito kama vile muuzaji anaweza kuwa amembadilishia. Akavisogeza mwangani. Kidole chake kikapita kwenye kitone, kikapanda kwenye bawaba, kikasimama pale koleo lilipopita.

"Vimekatwa hivi."

"Ndiyo, Mama. Havikufunguka."

"Sikio lake la kushoto lilikuwa bovu. Toka mdogo. Ukilishika tu, hata kumfunga ushungi, anapiga ukelele majirani wanatoka nje wakidhani nampiga." Alikuwa bado anakipapasa kile kipande kilichokatwa. "Walipomkata hapa alisema nini?"

Niliuweka wembe chini.

"Hakusema kitu, Mama."

Alivifumba kwenye ngumi. Halafu akavuta kanga kutoka mabegani, akajifunika kichwa mpaka usoni, na sauti ikatoka ndani ya nguo.

"Waambie watu waje," akasema. "Waje na mikeka."